Ajali ya ndege ina kinga: Nani humlinda abiria wa rubani wa kibinafsi?

WAHENGA walinena kuwa ajali haina kinga. Kauli hiyo imekuwa faraja kwa wafiwa tangu jadi, na aghalabu ndiyo ya kwanza kusikika matangani kila ndege inapoanguka. Hata hivyo, katika usafiri wa ndege kauli hiyo haina mashiko. Wachunguzi wa ajali za angani hufunzwa kutafuta mnyororo wa maamuzi na kasoro zilizotangulia mkasa. Pete moja tu ya mnyororo huo ingekatwa mapema, waliofariki wangerudi nyumbani.

Asubuhi ya Machi 5, 2024, ndege ya abiria ya kampuni ya Safarilink ilipaa kutoka uwanja wa Wilson jijini Nairobi ikielekea Diani, ikiwa na watu 44. Muda mfupi baadaye iligongana angani na ndege ndogo ya mafunzo aina ya Cessna 172. Ile kubwa iligeuza ikarejea Wilson salama. Ile ndogo iliangukia ndani ya Mbuga ya Kitaifa ya Nairobi. Wawili waliokuwemo, mwalimu na mwanafunzi wake, walifariki.

Mkasa huo uliwakumbusha Wakenya jambo ambalo husahaulika upesi. Juu ya vichwa vyetu kila siku hupita makumi ya ndege ndogo za wanafunzi, wafugaji wakubwa wa Laikipia, wahifadhi wa wanyamapori, wamishonari, madaktari na wafanyabiashara. Baadhi ya wanaoziendesha si marubani wa kulipwa. Ni watu wenye leseni ya kibinafsi, wanaoruka kwa shughuli zao wenyewe na ambao, mara kwa mara, humkaribisha jamaa, rafiki au mfanyakazi kuketi kiti cha pembeni.

Makala haya yanamhusu huyo wa kiti cha pembeni. Ni bayana kwamba abiria wa aina hiyo huenda akawa na kinga finyu ya kisheria kuliko yule aliyebanana na wenzake kwenye matatu ya kwenda Rongai. Ndiposa usalama wake hauna budi kushughulikiwa kabla ya ndege kupaa, kwa kuwa fidia ya baadaye ni ndefu, ni ghali na pengine haipatikani kabisa.

MAANA YA LESENI YA KIBINAFSI

Tuanze na rubani mwenyewe. Kwa mujibu wa viwango vya Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Ndege, ICAO, ambavyo Kenya huvifuata kupitia Mamlaka ya Usafiri wa Ndege nchini, KCAA, anayetaka leseni ya kibinafsi lazima awe ametimiza umri wa miaka 17. Hutakiwa pia kuwa na cheti cha afya cha daraja la pili na kuruka kwa muda usiopungua saa 40, au 35 iwapo amefunzwa katika chuo kilichoidhinishwa. Rubani wa kibiashara hutakiwa kuwa na saa 200, au 150 kwa aliyepitia mafunzo yaliyoidhinishwa.

Saa 40 si nyingi. Ni sawa na juma moja la kazi la karani wa ofisini. Katika muda huo mwanafunzi hujifunza kupaa, kutua, kusoma ramani, kuzungumza na waelekezi wa ndege na kuikabili injini iliyozimika. Anapokabidhiwa leseni huwa amefunguliwa mlango wa kuendelea kujifunza, wala hajahitimu ujuzi wote wa anga.

Aidha, leseni hiyo ina mpaka mmoja mkubwa: mwenye nayo haruhusiwi kuruka kwa malipo. Anaweza kumbeba rafiki yake hadi Lamu, lakini hawezi kumtoza nauli. Mpaka huo unaonekana kama jambo dogo la karatasi, kumbe ndio unaoamua iwapo bima italipa au haitalipa siku ya msiba, jinsi tutakavyoona.

MAWINGU, MWINUKO NA HARAKA

Hatari kuu za rubani wa kibinafsi zinajulikana fika. Ya kwanza ni mawingu. Rubani ambaye hajafunzwa kuruka kwa kutegemea ala pekee anapoingia katika wingu hupoteza upeo wa macho, na hapo hisia za mwili huanza kumdanganya. Sikio la ndani humwambia yuko sawasawa ilhali ndege imeinama na inazunguka kuelekea chini. Mnamo 1954, watafiti wa Chuo Kikuu cha Illinois nchini Marekani waliwajaribu marubani 20 wasiokuwa na uzoefu wa ala katika mazingira yaliyofanana na mawingu. Wote 20 walipoteza udhibiti wa ndege. Wastani wa muda waliostahimili ulikuwa sekunde 178, yaani pungufu ya dakika tatu.

Dunia ilishuhudia maana ya takwimu hizo mnamo Julai 16, 1999. John F. Kennedy Mdogo, mwana wa aliyekuwa Rais wa Marekani, aliruka usiku kuelekea kisiwa cha Martha's Vineyard akiwa na mkewe Carolyn pamoja na shemeji yake Lauren Bessette. Hakuwa na kibali cha kuruka kwa ala, na ukungu ulikuwa umetanda juu ya bahari. Wote watatu walifariki. Wachunguzi walihitimisha kwamba rubani alishindwa kuidhibiti ndege alipokuwa akishuka juu ya maji usiku, baada ya kupotewa na fahamu za mwelekeo. Ndege haikupatikana na kasoro ya kueleza ajali hiyo.

Hatari ya pili ni mwinuko, na hii inawahusu zaidi marubani wa Kenya. Uwanja wa Wilson uko zaidi ya futi 5,500 juu ya usawa wa bahari. Injini ya kawaida ya petroli hupoteza takriban asilimia tatu ya nguvu zake kwa kila futi 1,000 inazopanda, maana hewa huwa nyepesi. Joto huongeza tatizo hilo. Adhuhuri ya nyuzi 27 hapo Wilson huifanya ndege ihisi kana kwamba iko futi zaidi ya 8,000. Ndege iliyopaa kwa wepesi kule Diani ikiwa na watu wanne na mizigo yao inaweza kugoma kupanda ikitoka Nairobi na uzito ule ule. Mbele yake kuna milima ya Ngong, na upande wa kaskazini kuna safu ya Aberdare ambayo kilele chake hufikia mita 4,000. Ni katika safu hiyo ambapo ndege ya abiria iliyotoka Kitale ilianguka Juni 5, 2018, watu wote 10 waliokuwemo wakafariki.

Hatari ya tatu haiko angani bali moyoni. Ni ile shauku ya kufika. Mwenye ndege ana mkutano saa nne, mgeni wake ana harusi, mwanasiasa anasubiriwa na umati uwanjani. Wingu limetanda, lakini nani athubutu kusema turudi? Taifa hili limewazika viongozi wengi waliofariki katika ndege ndogo na helikopta. Juni 10, 2008, aliyekuwa Waziri wa Barabara Kipkalya Kones na Waziri Msaidizi Lorna Laboso walifariki ndege yao aina ya Cessna 210 ilipoanguka eneo la Narok. Miaka minne baadaye, tarehe na mwezi uo huo, Waziri wa Usalama wa Ndani George Saitoti na msaidizi wake Orwa Ojode walifariki katika helikopta ya polisi iliyoanguka msitu wa Ngong. Kila mkasa ulikuwa na mazingira yake, na si haki kuyaweka yote katika kapu moja. Lakini funzo kwa abiria ni moja: cheo hakiinui ndege.

FUNZO LA EMILIANO SALA

Mashabiki wa kandanda humu nchini wangali wanamkumbuka Emiliano Sala, mshambulizi kutoka Argentina. Januari 21, 2019, alikuwa ametoka tu kusajiliwa na Cardiff City. Alipanda ndege ndogo aina ya Piper Malibu, iliyoundwa 1984, kutoka Nantes nchini Ufaransa kuelekea Cardiff. Ndege hiyo ilitumbukia baharini kaskazini mwa kisiwa cha Guernsey. Sala alifariki, na mwili wa rubani haukupatikana kamwe.

Uchunguzi uliotolewa Machi 2020 ulifichua mengi. Rubani alikuwa na leseni ya kibinafsi tu, kwa hivyo hakuruhusiwa kubeba abiria kwa malipo. Hakuwa na kibali cha kuruka usiku, na uidhinisho wake wa kuendesha ndege ya aina hiyo ulikuwa umekwisha muda Novemba 2018. Fauka ya hayo, damu ya Sala ilikutwa na kiwango kikubwa cha gesi ya sumu ya kaboni monoksidi, ishara kwamba moshi wa injini ulikuwa umepenya ndani. Wachunguzi walisema yamkini rubani naye aliathiriwa na gesi hiyo. Alipoteza udhibiti alipokuwa akigeuza ndege kwa mkono, nayo ikakatika vipande angani kwa kuzidisha kasi.

Mwanamume aliyepanga safari hiyo alipatikana na hatia ya kuhatarisha usalama wa ndege Oktoba 2021, na mwezi uliofuata akahukumiwa kifungo cha miezi 18. Uingereza baadaye iliagiza kwamba kuanzia Januari 1, 2025, ndege ndogo za injini za pistoni zinazobeba abiria wasio marubani ziwe na kifaa hai cha kung'amua gesi hiyo. Kifaa chenyewe ni kidogo, cha kutoshea kiganjani.

Mambo mawili yanajitokeza hapa. Mosi, abiria hakuwa na njia rahisi ya kujua kwamba safari yake haikuwa halali. Aliona ndege, akaona rubani, akapanda. Pili, safari ya magendo huhatarisha hata bima. Mikataba ya bima ya ndege kwa kawaida huwa na masharti: rubani awe na leseni inayofaa, ndege iwe na cheti cha ubora kisichokwisha, na itumiwe kwa shughuli iliyotajwa. Rubani wa kibinafsi anayepokea nauli, hata ikiitwa 'mchango wa mafuta', huenda akampa mwenye bima sababu ya kujiondoa, na mzigo wote ukabaki mabegani mwa wafiwa.

MATATU, NDEGE KUBWA NA NDEGE YA RAFIKI

Hebu sasa tulinganishe abiria watatu Wakenya walioumia katika ajali.

Wa kwanza alikuwa kwenye matatu. Sheria ya bima ya magari, Sura ya 405, humlazimu mwenye gari kuwa na bima ya wahusika wengine. Mahakama ikitoa hukumu, kampuni ya bima ndiyo hulipa, hadi kima cha Sh3 milioni kwa mlalamishi mmoja. Kibandiko cha bima huwa kwenye kioo cha mbele, na hata kondakta hukijua.

Wa pili alikuwa kwenye ndege ya kampuni, katika safari ya kimataifa. Huyu hulindwa na Mkataba wa Montreal wa 1999, ambao Kenya iliuridhia Januari 2002. Chini ya mkataba huo, hadi kiwango fulani cha hasara, kampuni haiwezi kujitetea kwa kusema haikufanya uzembe. Kiwango hicho hupimwa kwa SDR, kipimo cha fedha cha Shirika la Fedha Duniani. Tangu Desemba 28, 2024 ni SDR 151,880 kwa kila abiria, ambazo ni zaidi ya Dola 200,000 za Marekani. Juu ya kiwango hicho, kampuni ndiyo hubebeshwa jukumu la kuthibitisha kwamba kosa halikuwa lake. Mlalamishi ana miaka miwili kuwasilisha kesi.

Wa tatu alikuwa kwenye ndege ya rafiki yake, akielekea Maasai Mara kwa mapumziko. Hakulipa nauli, na mwenye ndege si kampuni ya uchukuzi. Mkataba wa Montreal haumhusu. Sheria ya magari haimhusu. Kilichobaki ni kanuni ya kale ya uzembe: lazima athibitishe kwamba rubani alikuwa na wajibu wa kumtunza, kwamba aliukiuka, na kwamba ukiukaji huo ndio uliomletea madhara. Akishinda, malipo yatategemea mali ya rubani au ya mirathi yake, pamoja na masharti ya mkataba wa bima ambao abiria hakuwahi kuuona.

Kwa Mkenya aliyefiwa, madai hupitia Sheria ya Ajali Zinazosababisha Vifo, Sura ya 32, ambayo huwanufaisha mume au mke, wazazi na watoto wa marehemu. Pia kuna Sheria ya Marekebisho ya Sheria, Sura ya 26, inayoruhusu kesi kuendelea kwa niaba ya mirathi, au hata dhidi ya mirathi ya rubani aliyekufa. Mahakama hukadiria pato la marehemu, miaka ambayo angeendelea kulipata, na sehemu aliyowatumia wategemezi wake. Kwa mfano, aliyekuwa akipata Sh60,000 kwa mwezi, mahakama ikikadiria miaka 20 na theluthi mbili za utegemezi, hesabu hutoa Sh9.6 milioni. Fedha hizo zikiwa karatasini ni nyingi. Swali ni je, nani atazilipa?

Wakati nao haumsubiri mfiwa. Kesi za uzembe zina muda wa miaka mitatu. Iwapo anayeshtakiwa ni Serikali, muda huo hupungua hadi miezi 12. Familia nyingi humaliza mwaka mzima zikingoja ripoti ya uchunguzi, zikidhani kwamba ripoti ndiyo kesi.

RIPOTI SI HUKUMU

Hapa pana kutoelewana kunakofaa kurekebishwa. Idara ya Uchunguzi wa Ajali za Ndege, AAID, iliyo chini ya wizara inayosimamia uchukuzi, huongozwa na Kiambatisho cha 13 cha Mkataba wa Chicago wa 1944. Kiambatisho hicho kinasema lengo pekee la uchunguzi ni kuzuia ajali nyingine, wala si kumtwika mtu lawama au dhima. Ripoti ya awali hutarajiwa ndani ya siku 30, na ya mwisho ndani ya miezi 12 ikiwezekana.

Msingi wa kanuni hiyo ni wa busara. Fundi akijua kwamba maneno yake yatamfunga jela, hatasema kweli, na ndege ya kesho itaanguka kwa kosa lile lile. Hata hivyo, mjane aliye na watoto watatu na ada ya shule ya kulipa naye anauhitaji ukweli. Mahakama ya Rufaa ya Uingereza ilikabiliwa na mvutano huo mnamo 2014, katika kesi ya abiria aliyefariki ndani ya ndege ya zamani aina ya Tiger Moth iliyoendeshwa na rubani wa kibinafsi. Rubani alitaka ripoti ya wachunguzi isitumiwe. Mahakama iliamua kwamba ripoti inaweza kupokewa kama ushahidi, na ni juu ya jaji kuupima uzito wake. Uamuzi wa Uingereza haufungi mahakama zetu, ila huweza kuzishawishi.

Mahakama hizo hizo zimewahi pia kumfungia mlango abiria. Katika kesi iliyoamuliwa 1990, wanaume wawili walishinda wakinywa pombe mchana kutwa, kisha wakapanda ndege ndogo ya mmoja wao. Ilianguka punde tu baada ya kupaa. Rubani alifariki, na uchunguzi wa maiti ukaonyesha alikuwa amekunywa kiasi sawa na glasi 17 za wiski. Abiria aliyejeruhiwa vibaya alikuwa amepewa zaidi ya Pauni 130,000 na mahakama ya chini. Mahakama ya Rufaa iliifuta fidia yote, ikisema aliikubali hatari kwa hiari yake, hivyo hawezi kuilalamikia. Anayempa rubani chupa na kisha akaketi kando yake ajue kwamba anaweza kupoteza maisha na haki kwa pamoja.

KUMSHTAKI MUUNDAJI WA NDEGE

Wapo wanaodhani kwamba, mambo yakienda kombo, watamshtaki aliyeiunda ndege kule Marekani na kupata mamilioni. Matumaini hayo yana vizingiti viwili.

Kizingiti cha kwanza kiliwekwa mwaka 1981. Ndege ndogo ya Piper ilikuwa imeanguka Scotland mnamo 1976 na kuwaua rubani na abiria watano. Familia zao zilifungua kesi Marekani, ambako sheria ilikuwa na manufaa zaidi kwao. Mahakama ya Juu ya nchi hiyo iliunga mkono kuondolewa kwa kesi hiyo, ikisema mahali pafaapo ni kule ajali ilikotokea na waliko jamaa za waathiriwa. Tangu hapo, waundaji wa ndege hutumia uamuzi huo kila mgeni anapobisha hodi.

Kizingiti cha pili ni sheria ya Marekani ya 1994 ya kufufua sekta ya ndege ndogo. Sheria hiyo huzuia, isipokuwa katika hali chache, kesi dhidi ya muundaji wa ndege yenye viti chini ya 20 isiyofanya safari za abiria za ratiba, iwapo imepita miaka 18 tangu ndege hiyo ilipouzwa mara ya kwanza. Kipuri kipya huanza hesabu yake upya, ila ndege nzima haianzi upya. Cessna 172 ilianza kuundwa 1956, na nyingi zinazoruka ulimwenguni hadi leo zina umri wa kumzidi rubani wake. Kwa ndege kama hizo, mlango wa muundaji umefungwa tayari.

Haifai kuilaani sheria hiyo bila kuielewa. Kesi na bima zilikuwa zimewalemea waundaji kiasi kwamba Cessna ilisitisha uundaji wa ndege ndogo za injini moja ya pistoni mnamo 1986, na ikarejea tu baada ya sheria kupitishwa. Hili ni funzo kwa wabunge wetu pia: mzigo wa fidia ukizidi kipimo, huua sekta. Lakini ukiwa mwepesi mno, humwacha mfiwa mikono mitupu.

ALIYE ARDHINI

Yupo mwathiriwa mwingine ambaye hakupanda ndege yoyote. Agosti 7, 2025, ndege ya matibabu ya AMREF iliyokuwa imetoka Wilson kuelekea Hargeisa iliangukia makazi ya Mwihoko, kaunti ya Kiambu. Wanne waliokuwemo walifariki, pamoja na wakazi wawili waliokuwa katika shughuli zao. Hiyo haikuwa ndege ya rubani wa kibinafsi, lakini tofali linapoporomoka halimuulizi rubani ana leseni ya aina gani.

Kuhusu aliye ardhini, fikra za kisheria duniani zimekuwa na huruma zaidi. Uingereza iliweka kanuni tangu 1920 kwamba mwenye ndege hulipia hasara aliyoisababisha ardhini bila mlalamishi kuthibitisha uzembe. Mkataba wa Rome wa 1952 ulifuata mkondo huo. Hoja ni nyepesi: aliyelala nyumbani kwake hakuchagua hatari. Swali linalobaki ni kwa nini abiria asiyejua lolote kuhusu injini wala mawingu atazamwe kana kwamba yeye aliichagua kwa macho mawili.

NJIA YA KUFUATA

Bara Ulaya limeonyesha kwamba jambo hili linawezekana. Kanuni ya Umoja wa Ulaya ya 2004 huzilazimu ndege, zikiwemo nyingi za kibinafsi, kuwa na bima ya abiria na ya walio ardhini. Kwa ndege ndogo zisizo za biashara, zenye uzito wa kupaa usiozidi kilo 2,700, mataifa yameruhusiwa kupunguza kiwango, mradi kisiwe chini ya SDR 100,000 kwa kila abiria. Marubani wa kibinafsi wa Ulaya hawajaacha kuruka kwa sababu hiyo.

Kenya inafaa kuwa na utaratibu ulio wazi kama huo, wenye kiwango cha chini kinachoeleweka na cheti ambacho abiria anaweza kukiona mlangoni kabla ya kufunga mkanda. Kama matatu inaweza kubandika kibandiko kiooni, ndege ya mamilioni ya pesa haishindwi. Isitoshe, KCAA ingefanya vyema kuwahimiza wenye ndege za pistoni kuweka vifaa vya kung'amua kaboni monoksidi bila kungoja msiba ndio utufunze.

Marubani nao wana deni. Leseni ikiwa mfukoni, kanuni za kimataifa bado humtaka rubani anayembeba abiria awe amepaa na kutua mara tatu katika siku 90 zilizotangulia. Hicho ni kiwango cha chini, wala si dari. Rubani stadi hujiwekea mipaka yake: upepo wa kiasi gani, wingu la kimo gani, uchovu wa namna gani. Huyaamua hayo akiwa nyumbani, kabla ya mgeni wake kufika na mabegi. Vilabu vya urubani vina wajibu wa kumheshimu anayerudi bila kufika. Asichekwe wala asiitwe mwoga.

Na abiria? Asione haya kuuliza. Leseni yako ni ya aina gani? Umeruka lini mara ya mwisho? Ndege hii imekaguliwa lini? Bima inanihusu mimi nami? Hali ya hewa ikigeuka, turudi wapi? Rubani mwema atafurahia maswali hayo. Anayekasirika amekwisha kujibu.

Historia yetu wenyewe inatukumbusha uzito wa swali hili. Mei 14, 1931, mwindaji Mwingereza Denys Finch Hatton, rafiki wa mwandishi Karen Blixen, alipaa kutoka Voi kwa ndege yake aina ya Gipsy Moth. Ilianguka ikashika moto. Kaburi lake juu ya milima ya Ngong hutembelewa na watalii hadi leo. Lakini ndani ya ndege hiyo alikuwemo pia mfanyakazi wake, Mkenya aliyeitwa Kamau, ambaye naye alifariki. Vitabu humtaja kwa mstari mmoja, kisha husonga mbele.

Karibu karne moja imepita. Sheria yetu haipaswi kuendelea kumtazama abiria wa kiti cha pembeni jinsi vitabu vilivyomtazama Kamau. Ajali ina kinga, tena nyingi: rubani anayejua mpaka wake, ndege iliyokaguliwa, abiria anayeuliza na bima inayolipa. Tusipoziba ufa, tutajenga ukuta, na wa kuujenga watakuwa mayatima.